Ulilitoa Wapi?

Jiwe lenyewe nililikuta likizuia mchaichai usimwagike njiani. Nilikuwa nimehamia nyumba hii ya Buruburu wiki ya pili ya Januari, na kazi ya kwanza niliyojipa ilikuwa kupanga upya kitalu kidogo kilicho mbele ya mlango wa jikoni. Aliyeishi humu kabla yangu alikizungushia vipande vya mawe ya Ndarugo, yale ya kujengea ambayo kila mtu wa Nairobi anayajua, ya kijivu, yenye vishimovishimo kama mkate. Nikang'oa kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kikanilemea mkono. Hakikuwa cha ukoo ule. Rangi yake ilikuwa hudhurungi inayokaribia weusi, na upande uliolalia udongo ulikuwa umejizungusha kuanzia katikati kama kitako cha kiondo, pale msusi anapoanzia.

Niseme mimi ni nani, ili ieleweke kwa nini sikulirudisha tu mahali pake. Nashona nguo katika soko la Jericho, mwaka wa 22 sasa. Nilikulia upande wa Elementaita, na shuleni tulikuwa tukipelekwa Kariandusi kutazama mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mengine yamechongwa kwa lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Sisi watoto tulikuwa tukiokota vibanzi vyake njiani tukienda kuteka maji. Tangu hapo sijaweza kulipita jiwe lenye sura ya kigeni bila kuliinama. Nina sanduku la bati lenye mawe zaidi ya 40 chini ya kitanda, na kila moja nalikumbuka lilikotoka. Hili la mchaichai ndilo la kwanza kuingia humo bila historia yoyote, na sikujua wakati ule kwamba hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote.

Nililiosha kwa maji ya bomba na brashi ya viatu, nikaliweka juu ya meza ya cherehani. Upana wake ulikuwa sentimita 11. Mistari minene iliyoinuka ilitoka katikati ikielekea nje, na kila mstari ulipokaribia ukingo uligawanyika ukawa miwili, kama uma wenye meno mawili. Nilidhani ni konokono. Nani asingedhani? Lakini konokono nimewaona maisha yangu yote, na gamba la konokono kwa kawaida halilali bapa. Linapanda kama ngazi ya mnara, upande mmoja una ncha na mwingine una mdomo. Hili, nililigeuza, nikaligeuza tena: upande wa kulia ulikuwa sawa na wa kushoto. Ungeweza kulikunja katikati kama fundi anavyokunja kitambaa ili akate pande mbili kwa mkasi mmoja, na zingelingana. Nikaliondoa neno konokono.

Binti yangu alilipiga picha kwa simu, na baada ya dakika moja akanisomea jina: amonaiti, mnyama wa bahari wa kale, kutoka Madagaska. Jina la kwanza nilikuja kuambiwa ni sahihi. La pili halikuwa na msingi wowote ila kwamba amonaiti wengi wanaouzwa duniani wakiwa wamepasuliwa na kung'arishwa hutoka Madagaska, kwa hiyo picha zao ndizo zimejaa. Simu haikuwa imeliona jiwe langu. Ilikuwa imeona linafanana na nini.

Kisha nikalipeleka kwa muuzaji mmoja wa vinyago mjini. Yeye alisema ni nyoka aliyegeuka jiwe, akanipa bei ya shilingi 1,500 papo hapo. Sikuuza, na nashukuru sikuuza. Baadaye nilisoma kwamba huko Whitby, Uingereza, watu waliamini vivyo hivyo kwa karne nyingi, hata mafundi wakawa wanachonga vichwa vya nyoka na kuviweka mwisho wa mzunguko, kwa kuwa kila jiwe lilikosa kichwa. Jina lenyewe la amonaiti limetokana na Amoni, mungu wa Misri ya kale aliyechorwa na pembe za kondoo dume. Kila mahali mtu huliona umbo hili akalipa jina la kitu anachokijua. Mimi niliona kiondo.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo likinijia usiku huniumiza hadi leo. Katikati ya jiwe, pale kwenye shimo la mzunguko, na sehemu kubwa ya upande mmoja wa nyuma, palikuwa na tope la kijivu lililoganda gumu. Mimi nikaliona kama uchafu. Nilitaka mistari yangu ionekane yote. Maji hayakulitoa, kisu hakikulitoa, basi nikachukua dawa ya kusafishia choo, ile yenye asidi, nikaimimina. Lilitoka povu, likachemka kama maziwa yanayotaka kumwagika, na harufu yake ikanikereketa koo. Nilifurahi! Nilidhani uchafu unatoka. Nilipolisuuza baada ya robo saa, tope lilikuwa limekwenda, lakini mistari ya upande ule ilikuwa imelika ikawa laini kama sabuni iliyotumika. Asidi haikuchagua kati ya tope na mnyama. Vyote viwili vilikuwa chokaa.

Anayesoma haya akiwa na jiwe lake mezani, namsihi: maji, brashi laini, na subira. Ukitaka kujua kama lina chokaa, tone moja la ndimu au siki pembeni, mahali pasipo na umbo, linatosha. Vipovu vidogo vikipanda, umepata jibu. Futa kwa maji, uache hapo.

Siku chache baadaye nilishuka mtaa wa Biashara kununua bitana na zipu, nalo likiwa ndani ya kikoba. Mwenye duka ninaponunua ni mzee wa makamo ya babangu, babu yake alikuja Kenya kutoka Kachchh, kule Gujarati. Nilipolitoa kumwonyesha alinyamaza, akanawa mikono kwenye karai nyuma ya duka, akalipokea kwa viganja viwili.

"Mama, nyumbani kwetu jiwe kama hili tunaliita shaligramu," akasema.

Akanieleza kwamba shaligramu halisi ni mawe meusi yanayookotwa katika mto Kali Gandaki, Nepali, na kwamba waumini wa Vishnu huyaweka madhabahuni na kuyaogesha kwa maji. Ndani ya mengi mna mzunguko kama huu wangu. Hakuniambia nililonalo ni shaligramu. Alikuwa mwangalifu sana juu ya hilo. "Hili si la Gandaki, rangi yake ni nyingine," akasema, "lakini ni ndugu yake. Ulilitoa wapi?"

Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza. Nikamjibu Buruburu, akatabasamu kwa upole kama mtu anayejua hajajibiwa.

Ilichukua hadi mwezi wa tano nijipe moyo wa kwenda Makavazi ya Kitaifa, kule juu ya kilima. Nilikuwa nimezoea kuona pale ni mahali pa wanafunzi na watalii. Nilieleza shida yangu mapokezi, nikaambiwa nisubiri, na baada ya saa nzima akaja mtafiti wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, mwanamke wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, amevaa koti jeupe lenye vumbi. Alinikaribisha kwenye chumba chenye makabati ya droo hadi darini. Kabla hata hajaligusa jiwe akafungua daftari.

"Mama, ulilitoa wapi?"

"Nyumbani kwangu, Buruburu."

"Na kabla ya Buruburu?"

"Sijui, daktari."

Akaiweka kalamu chini. Hakukasirika. Alinieleza kwamba chini ya Nairobi kuna mawe yaliyozaliwa kwa moto: fonolaiti, trakaiti na majivu ya volkeno yaliyoshindiliwa, ndiyo hayo hata ya Ndarugo. Lava na majivu hayo umri wake hauzidi miaka milioni 15. Amonaiti walikwisha duniani kote miaka milioni 66 iliyopita, wakati uleule wa dinosaria. "Kwa hiyo jiwe lako," akasema, "ni kongwe kuliko ardhi ulikolikuta. Halikuzaliwa hapa. Mtu alilileta."

Nilihisi kama niliyeletewa mtoto aliyepotea, wa watu.

Kisha akalichukua, na saa moja iliyofuata nitaikumbuka daima, kwa sababu nilimwona mtu akilisoma jiwe kama mimi ninavyosoma koti lililokuja kurekebishwa. Koti hulisomi kwa rangi. Unaligeuza ndani nje, unatazama mishono.

Naye alitazama mishono. Akanipa lenzi yake ndogo ya mkononi, akanielekeza kwenye upande mzuri, ule ambao asidi haikufika. Hapo kati ya mbavu, maana ile mistari minene huitwa mbavu, palipita mstari mwembamba sana uliokatakata kama ukingo wa jani la mkomamanga lililoliwa na wadudu. Nilikuwa nimeuona zamani! Nilikuwa nimedhani ni nyufa. Nilipomwambia kwamba kwa macho yangu unafanana na lesi, alicheka kwa furaha, akasema hata lugha ya wanasayansi inauita mshono.

Alinieleza hivi. Amonaiti alikuwa jamaa wa pweza na ngisi, ila yeye aliishi ndani ya gamba. Kadiri alivyokua alisogea mbele, na nyuma yake akajenga ukuta, akakifunga chumba alichokihama. Chumba juu ya chumba, kuta juu ya kuta, hadi gamba likajaa vyumba vitupu vilivyomsaidia kuelea. Pale kila ukuta ulipokutana na gamba ndipo penye mshono. Gamba likiwa zima huuoni, uko ndani. Lakini tope likijaa vyumbani likaganda, na gamba lenyewe likayeyuka kwa mamilioni ya miaka, kinachobaki ni kama saruji iliyotolewa kwenye kalibu, na mishono yote hujitokeza nje. Jiwe langu halikuwa gamba la mnyama. Lilikuwa tope lililochukua umbo la ndani ya nyumba yake.

Na mshono huo una habari. Kuna jamaa wa kale zaidi, waliokuwepo kabla ya dinosaria, ambao mshono wao ni zigizaga tupu, unapanda na kushuka. Kuna waliofuata ambao mabonde ya mshono wao yana vijino lakini vilele ni laini. Halafu kuna amonaiti wenyewe, ambao kila kilele na kila bonde limechanika kuwa majani na vijani. Nautilasi, ambaye hadi leo yuko hai baharini na ana gamba la kuzunguka kama hilo, mshono wake ni mkunjo mpole usio na jino hata moja. Kwa hiyo mtu akikuuliza umejuaje kwamba si nautilasi, unamwonyesha lesi. Alinionyesha pia kamrija kembamba ambako mnyama alipitishia uhai wake kutoka chumba hadi chumba. Kwa nautilasi hupita katikati ya kuta, kwa amonaiti hufuata ukingo wa nje. Kwenye jiwe langu kalionekana pale hasa asidi yangu ilipokula ukingo, uzi mweusi usiofika milimita mbili. Alilitazama jeraha lile kwa muda mrefu. Akaniuliza palikuwa na nini kabla. Nikamweleza lile tope, dawa ya choo, povu. Akavuta pumzi.

"Tope lile lingeweza kutupa mengi," akasema. "Ndani yake huwa kuna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na kwa hao tunapima umri. Wakati mwingine wanajua kuliko mnyama mkubwa."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi, ingawa sijui nilikuwa nikimwomba nani.

Kwa bahati, ndani kabisa ya kitovu, naam, lile shimo la katikati huitwa hivyo, lilikuwa limebaki pande la tope la ukubwa wa punje ya harage. Alilikwangua kidogo kwa sindano, akalitia tone la asidi iliyopunguzwa, likachemka. Rangi ya kijivu, laini, tabaka juu ya tabaka. Akaenda kwenye droo, akaichomoa moja, akaiweka kando ya jiwe langu.

Humo mlikuwa na ndugu zake. Walikuwa wadogo kwa wakubwa, wengine wamekandamizwa, mmoja ana miiba, na kadhaa wenye mbavu zinazogawanyika mara mbili kama za kwangu. Vibandiko vyao vilisema Changamwe, Miritini, Mombasa.

Mimi nimefika Mombasa mara tano katika maisha yangu. Sikujua hata siku moja kwamba nyuma ya kisiwa kuna ukanda wa tope la bahari lililoganda tangu enzi ya Jurasiki, na kwamba wasomi walikuwa wakiandika juu ya amonaiti wake tangu karne ya 19: Hildebrandt, mkusanyaji Mjerumani, aliwapeleka Berlin na msomi Beyrich akawaeleza kwa maandishi mwaka 1877. Mtafiti alinifunulia ripoti mbili za Caswell wa Idara ya Jiolojia, ya 1953 kuhusu Mombasa na Kwale, na ya 1956 kuhusu Kilifi na Mazeras. Ramani zake zimetiwa rangi, na ukanda ule unapita humo kama pindo la leso. Tope hilo, umri wake ni takribani miaka milioni 150. Wakati linatua, Afrika, Madagaska na Uhindi zilikuwa bado ni majirani wa karibu, na mkono wa bahari ulikuwa umeanza kupenya katikati yake. Ndiyo maana, akasema, ukitaka kuwaona amonaiti wanaofanana mno na wa Mombasa, usiende Ulaya. Nenda Kachchh.

Nilimwomba alirudie hilo jina. Jioni ile nilipitia mtaa wa Biashara kabla duka halijafungwa, nikamwambia yule mzee kwamba jiwe lile na ardhi ya babu yake walikuwa na bahari moja. Aliketi kwenye jora la kitambaa. Akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia limeandikwa tangu msomi Waagen alipowachora amonaiti wa Kachchh katika miaka ya 1870. Hakusema neno. Alinifungia bitana yangu, akakataa pesa.

Lakini jina? Watu wote wananiuliza jina. Mtafiti aliandika Perisphinctidae, ambalo ni jina la ukoo, kama ukisema huyu ni mtu wa mlango fulani bila kusema ni nani. Nilimbembeleza aendelee. Alinionyesha kwa nini haiwezekani. Mshono wa mwisho ulifika hadi kwenye ukingo uliovunjika. Maana yake kila kilichobaki mkononi mwangu ni vile vyumba vya nyuma, vya kuelea. Chumba cha mbele, alimoishi mnyama mwenyewe, hakipo kabisa, na kwa ukoo huu chumba hicho huchukua robo tatu ya mzunguko au zaidi. Mdomo wa gamba haupo. Mizunguko ya ndani ya upande mmoja nimeiyeyusha mwenyewe. Bila hivyo kuna majina manne au matano yanayoweza kumfaa, na yeye hakuwa tayari kuchagua moja ili anifurahishe. Mwanzoni nilivunjika moyo. Kisha nikawaza: mteja akiniletea mkono wa shati tu, akaniuliza shati zima lilikuwa na mifuko mingapi, mimi ningemjibu nini?

Alinieleza pia sheria, kwa upole ambao sikuustahili. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inasema anayegundua kitu cha namna hii aarifu Makavazi ndani ya siku saba, aeleze mahali hasa na jinsi alivyokipata. Kitu chenyewe ni mali ya taifa. Mimi nilikuwa nimekaa nacho miezi minne, nimekiosha kwa asidi, na nilikaribia kumpa muuza vinyago. "Sasa kiandikishe," akasema. "Ila kwenye nafasi ya mahali siwezi kuandika Mombasa kwa sababu kinafanana na cha Mombasa. Nikiandika hivyo, mwenzangu wa kesho ataamini kilitoka huko, naye atajenga juu yake. Nitaandika hapajulikani. Labda wewe utapapata mahali penyewe."

Nilirudi nyumbani nikiwa na kazi.

Nilianza na Mama wa nyumba ya pili, aliyekaa hapa tangu miaka ya themanini. Nilimwuliza juu ya jiwe la duara la kitalu, hata sikumaliza. "Lile si lilikuwa likishikilia mlango wa Mzee wa Reli! Upepo wa Agosti ukija, analisukuma kwa mguu." Mzee wa Reli ndiye aliyeishi nyumba yangu kabla ya walionitangulia. Mkewe alipofariki, binti yake alimchukua akaishi naye Kayole. Mama alikuwa na nambari ya binti.

Jumapili iliyofuata nilipanda matatu hadi Kayole na jiwe mapajani. Nilimkuta mzee amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, redio sikioni, macho yamefifia kidogo lakini mgongo umenyooka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa jiwe?"

Nilimwekea mikononi. Hakulitazama. Alipitisha kidole gumba kwenye mbavu, mzunguko mzima, kisha akafika pale palipolika, akasimama. "Hapa pamefanywa nini?" Nikamweleza ukweli. Akatikisa kichwa, akaendelea kulipapasa.

Alikuwa nyapara wa genge la reli, upande wa Mombasa, miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Nairobi. Nilipomwuliza mwaka, hakusema tarakimu. Alisema, "Jumuiya ilivunjika, tukawa hatujui mishahara italipwa na nani. Mwaka uliofuata mvua zikaporomosha ukingo." Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Basi ni 1978. Walitumwa kuzibua mfereji kando ya reli kati ya Changamwe na Miritini, mahali njia ilipokatwa ndani ya mlima. Ukingo ulikuwa wa udongo wa kijivu unaobanduka kama kurasa za kitabu kilicholowa, na ndani yake kulikuwa na mabonge magumu ya mviringo, makubwa kama viazi na mengine kama vichwa vya watoto. Yalikuwa yakivunja makali ya sururu. Yeye alipiga bonge moja kwa nyundo likapasuka sawasawa, na mle ndani mkawa na hili, likiwa limelala kama yai. Vijana wake walirudi nyuma. Walisema ni nyoka.

"Na wewe, mzee, ulidhani ni nini?"

"Sikudhani. Niliona ni zuri, nikalitia kwenye mfuko wa chakula."

Nusu ya pili ya bonge, ile yenye alama ya upande wa pili, aliiacha mferejini. Nilipomwambia kwamba mnyama huyu aliishi wakati wa dinosaria aliniomba nirudie, kisha akaniuliza kama alitambaa au aliogelea. Nikamchorea vile vyumba kwa chaki yangu ya ushonaji juu ya saruji ya ua, ukuta kwa ukuta, nikimwelekeza kidole chake kwenye mishono ili aihisi. Binti yake aliacha kufua akaja kusimama nyuma yetu. Mzee alihesabu vyumba kwa sauti. Alifika 14 kabla vidole havijapoteza njia.

Nilimwuliza kama anakubali liende Makavazi. Alikaa kimya kwa kitambo, redio ikisema peke yake. Akasema ndiyo, ila iandikwe ni genge lililolipata, si yeye peke yake.

Jumatano nilifunga kibanda mapema. Mtafiti alilinganisha maneno ya mzee na ramani, kisha lile tope la kitovu na la kwenye droo, akatikisa kichwa taratibu kukubali. Akafuta neno "hapajulikani" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaacha lisomeke chini yake. Juu yake akaandika: mkato wa reli kati ya Changamwe na Miritini, 1978, kutoka bonge lililopasuliwa, kwa ushuhuda wa mdomo wa nyapara wa genge. Akasita, kalamu hewani.

"Upande upi wa reli, mama?"

Sikuwa nimeuliza. Nilitoka hadi kwenye varanda, nikampigia simu binti wa Kayole, naye akampelekea mzee uani. Nilisikia redio ikizimwa.

"Mwambie huyo daktari," akasema, "kushoto, ukiwa unaelekea Nairobi."